Chumvi Kwenye Dengu

Bolpur, mwezi wa Poush

Wifi yangu Malobika,

Salamu nyingi. Huku baridi imeingia, Tuli ameng'oka jino la mbele, na yule mbuzi tuliyemdhani tasa amezaa mapacha. Sweta ulilomfumia mdogo wako limemtosha, ingawa halivai.

Kusema kweli, wifi, mdogo wako ananitia wasiwasi. Tangu guru wake, yule mwalimu wake wa dini, ampe tafakuri mpya, kila asubuhi hukaa barazani amefumba macho, akiwazia moto unaoanzia kidole gumba cha mguu wa kulia, na kumpanda mpaka awe majivu. Akishakwisha yeye, huviteketeza alivyo navyo, kimoja kimoja, ili moyo wake usishikwe na kitu.

Juzi nilimuuliza, "Umefika wapi, Baba Tuli?"

"Duka limeungua. Nyumba pia."

"Na mimi?"

Akacheka. "Wewe kuni mbichi. Nikikuwasha tu, nakumbuka ulivyonigombeza, moto unazimika."

Basi tangu siku hiyo namgombeza kwa bidii. Namfichia miwani, namsema mbele ya wageni. Mama yenu ananiuliza, "Mwanamke gani wewe? Mumeo anamtafuta Mungu, nawe unamtafutia ugomvi." Nimjibu nini?

Leo mchana nilitia konzi nzima ya chumvi kwenye dengu zake, makusudi. Wifi, alizimaliza zote, akanishukuru kwa upole, akaenda kunawa.

Njoo upesi.

Wifi yako,
Sucharita