Kumsomea Baba Kijitabu Chake

Jumatatu, 3 Machi

Dada wa mazoezi ya kuongea alikuja asubuhi. Anasema Baba asomewe kila siku, tena kitu alichokijua vizuri kabla ya kiharusi. Huenda ulimi ukakumbuka kazi yake. Nikajua mara moja ni kipi. Kile kijitabu cha falsafa ya kale alichowafundisha wanafunzi wake miaka thelathini — na sisi nyumbani, bila kuombwa. Kurasa arobaini na mbili. Jalada limebaki nusu.

Nimesoma kurasa mbili. Mzee wa kale anasema ujue kwanza kipi ni chako na kipi si chako, ndipo ulalamike. Baba akasema, “Haya.” Ndilo neno pekee alilobaki nalo, mwaka na miezi minne sasa. Chai, haya. Maumivu, haya. Televisheni imeungua, haya.

Jumatano, 5 Machi

Nimelijaribu somo kazini. Nilikuwa nasaga lenzi ya miwani, jicho la kushoto la mteja, nikajiuliza: kipi changu hapa? Lenzi ya mteja. Mashine ya tajiri. Lifti ya jengo letu, iliyokufa tangu mwaka juzi, ya mwenye nyumba. Miguu ya Baba, ya Baba. Nikabaki na vidole kumi na hasira. Mzee anasema hasira ndiyo yako hasa, hakuna aliyekupa. Rahisi kusema. Hajawahi kumpandisha mtu mzima ghorofa ya tatu mgongoni.

Alhamisi, 6 Machi

Tajiri kaniita. Anafungua duka la pili la miwani, mji mwingine, safari ya saa tisa kwa basi. Anataka niliongoze mimi. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya pazia na bisibisi ya kukazia fremu, leo ananiita meneja! Anataka jibu kufikia Ijumaa ijayo.

Nilitabasamu njia nzima. Ngazi ya kwanza tu ya jengo letu, tabasamu likakatika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia kaka. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, gari analo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema katika familia yetu mimi ndiye niliyejaliwa subira. Nikamwambia sikujaliwa, niliachiwa. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Somo la leo lilikuwa kuridhika. Nikaliruka. Baba alijua — alinitolea jicho. Kitabu anakijua kwa moyo. Nikarudi nyuma nikasoma.

Jumapili, 9 Machi

Ukurasa wa thelathini na moja. Mzee anasema tunaowapenda tumekutana nao tu kwenye chumba cha kusubiria. Jina la mtu likiitwa, usimshike nguo. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Baba, ule wa kusahihishia, mdogo kama sisimizi. Tarehe ya mazishi ya Mama. Chini yake neno moja: Siwezi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku ile hakutoa chozi. Alituambia kulia ni kwa watu wasiotumia akili. Nimemwekea kinyongo kwa neno hilo miaka ishirini na mbili.

Nikamwonyesha maandishi. Akayatazama sana, akageukia dirishani. “Haya.” Polepole. Sijui alikuwa anakubali au anaona haya. Kiswahili nacho kina utani wake.

Jumanne, 11 Machi

Wifi kaja, mke wa kaka. Peke yake, mumewe hajui. Kapanda ngazi zote na viatu mkononi. Tuseme ukweli, hatuivi chungu kimoja, mimi na yeye. Nilidhani kaja kunisuta.

Akakaa jikoni, akanieleza kuwa mama yake alimuuguza bibi yake mpaka naye akaugua, na hakuna aliyemwona. Kisha akasema, “Wifi, nenda. Baba atakaa kwangu. Kaka yako mwachie mimi, nitamwambia akishashiba.”

Nikalia kwenye sinki, bomba liko wazi.

Ajabu ni hii. Mwaka mzima nimeimba sina njia, sina njia. Njia imekuja yenyewe, imevua na viatu. Nami bado nimebanwa, palepale. Kumbe kamba nyingine nimeishika mwenyewe. Hilo kitabuni halimo — au limo na nililiruka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemjibu tajiri ndiyo. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Kaka kakubali, kwa kununa. Kesho wanakuja kuchukua kitanda na kiti cha Baba.

Kila mtu anajua isipokuwa Baba. Mara tatu leo nimefungua mdomo, mara tatu nimemuuliza kama anataka maji. Kesho. Nikishamnyoa ndevu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemnyoa. Nikamfuta povu sikioni, nikakaa mbele yake, nikasema yote kwa mpangilio, kama mwanafunzi wake ubaoni. Kazi. Mji. Tarehe. Chumba chake kwa wifi, cha chini, hakina ngazi. Nikaongeza kwamba ni yeye aliyetufundisha kuachilia. Hilo nililisema kwa ukali kidogo. Nilijua atasema haya, niinuke nikafunge mizigo.

Hakusema. Mdomo ukahangaika, jasho likamtoka. Mkono wake usiopooza ukanishika kifundo cha mkono. “Usi—” Nikangoja. Tumekatazwa kummalizia neno.

“Usiende.”

Neno jipya la kwanza, mwaka na miezi minne! Nilicheka. Kisha nikaelewa amesema nini.

Kaka na wifi wamefika. Nawasikia ngazini, wanabishana kitanda kipite wima au ubavu. Naandika kwa mkono wa kulia, daftari liko pajani. Wa kushoto bado anao Baba.