Nafasi ya Bega

Tabora, 9 Februari 1953

Kwa kaka yangu Alois,

Shikamoo kaka. Leo ni miezi saba tangu niondoke Igunga. Mimi ni mzima, ila shingo inauma kwa matofali. Shemeji Apolinaria mguu wake umepona? Yule ng'ombe mwekundu amezaa?

Barua yako niliipata. Nimesoma kwamba mpiko wa babu, ule mti aliobebea mizigo ya misafara, haupo tena nyuma ya mlango wa nyumba yake. Kwamba mwanao Dionis anakwenda kwenye mkonge baada ya Pasaka na hakuna cha kumwekea begani, kama wanavyowekewa wasafiri wote wa nyumba yetu. Na kwamba umemfukuza Masolwa, mtoto wa mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilala nyumba ile. Nitalijibu hilo. Kwanza nikueleze ninachofanya huku, maana mwenyewe sikielewi vizuri.

Siku za kazi nabeba matofali ya jengo la misheni. Jumamosi mchana Bruda anayesimamia ujenzi anatufundisha watu sita kufinyanga na kuchonga. Alinichukua baada ya kunikuta nimefinyanga uso wa mnyapara kwa udongo wa matofali. Hataki vinyago vya kuuza. Anataka tujaribu vitu ambavyo hatujaviona. Kazi yako ikiwekwa mezani, wenzako wanaizunguka na kusema wanachokiona, na wewe huruhusiwi kufungua mdomo mpaka wamalize.

Kwanza nilifinyanga mpagazi, mzigo kichwani. Shomari, fundi bati wa Gongoni, akauliza huyu mama anatoka kisima gani. Wakacheka wote. Kweli kaka, mimi mjukuu wa mpagazi nilisahau kwamba wazee wetu walibeba begani, kwa sababu nashinda na matofali kichwani.

Nikauhamishia mzigo begani. Bruda akasema mtu anaonekana lakini uzito hauonekani, basi nimwondoe mtu. Wiki nzima nilijiuliza, mtu akiondoka mzigo atabeba nani. Nikatoa kichwa, nikatoa mikono, ikabaki nundu. Mwanahawa, mfinyanzi wa Ipuli, ambaye ni mtu mzima kuliko sisi sote, akasema kichuguu hiki kimenona. Bruda akasema sasa naanza kufika. Sikujua nafika wapi.

Mara ya tatu nilijenga nguzo mbili fupi za matofali, nikachomeka kipande cha mti katika kila moja, vikaelekeana, katikati nikaacha wazi upana wa bega. Hakuna aliyecheka. Shomari aliinama akaingiza bega lake pale, akasema hapa pana mtu, na amechoka. Bruda anataka kuipeleka kwenye maonyesho Dar es Salaam. Sijapata kufurahi hivyo tangu nije.

Kisha Mwanahawa akashika ncha za vile vipande, pale palipolainika, akasema huu ulikuwa mti mmoja, na bega lililoulainisha si la kijana. Akauliza kama wenyewe wanajua umekatwa. Sheria ya darasa ilinikataza kujibu, nami nikashukuru kukatazwa.

Kaka, ni mpiko wa babu. Niliuchukua mimi asubuhi niliyoondoka, nyinyi mkikamua. Hukuniwekea begani, ulisema kwenda kubeba matofali Tabora si safari. Nikajiwekea mwenyewe. Na siku niliyoukata, barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa najua Masolwa amefukuzwa, nikakata.

Masolwa hana kosa. Msomee barua hii, mrudishe. Sijui kama nimeharibu kitu au nimetengeneza kitu. Bruda ananisifu, Mwanahawa haniangalii usoni, nami naona wote wawili wana haki. Nimemwambia Bruda asiipeleke kwanza. Nitaleta vipande vyote viwili, niviweke uani, mvizunguke na kusema mnachokiona. Aanze Masolwa. Mimi sitafungua mdomo mpaka mmalize.

Nisalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Nitafika kwa lori la Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Dionis asiondoke kabla yangu.

Mdogo wako,
Wenceslaus