Mchanga wa Mwaloni Umeua Mawaridi ya Majirani Zangu

Shangazi Mariana, shikamoo. Nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka chini, leo nimeamua, naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi Katoro, na kama umewahi kupita mtaani kwetu ukaona mawaridi yamefunika uzio basi hayo ni yangu, sisemi kwa majivuno ingawa najivuna kweli, maana baba yangu alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wakubwa pale Mwadui na ndiye aliyenifundisha kukata tawi juu kidogo ya jicho linalotazama nje, kumwagilia shinani asubuhi bila kulowesha majani, na kuiacha samadi ipoe kabisa kabla ya kuiweka. Nilipoolewa huku walinicheka, wakasema mke wa Mwigulu anapanda visivyoliwa, leo hao hao wanaleta mabibi harusi wapigwe picha kwenye uzio wangu, na Jumapili altare haipambwi mpaka nifike na ndoo yangu.

Mwaka jana nikataka kuongeza tuta jipya upande ambao udongo wake ni ule mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unashika maji, jua likiwaka unapasuka, nikamwambia mume wangu aniletee mchanga wa kuulegeza, naye anafanya kazi mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, akaniletea marudio, ule mchanga laini unaobaki dhahabu ikishatolewa. Miezi miwili ya kwanza, shangazi, machipukizi yalitoka mekundu mpaka nikaita watu waje kuona. Majirani watatu wakaomba vipandikizi, nikawapa, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu nikawaambia bila huu mchanga hamtafika popote, mume wangu akampelekea kila mmoja mzigo wa toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu.

Kisha tuta langu likaanza kuungua majani pembeni, likafa lote. Nikamuuliza Theonest, kijana anayefanya kazi na mume wangu, akashangaa, akasema, "Mama, mchanga ule umepita zebaki ya kukamatia dhahabu, wewe ulidhani ni wa mtoni?" Nikaling'oa tuta asubuhi moja, waliouliza nikawaambia nimehamisha. Mawaridi yangu ya zamani hayakuguswa na mchanga ule, kwa hiyo yanachanua kama kawaida, ya wenzangu yanakufa, na wao wanajilaumu.

Kuna mmoja, nimwite Mwanaima, huyo haachi ardhi wazi, katikati ya mawaridi amepanda mchicha. Juzi kaniletea fungu zima la mchicha huo kwa shukrani, akasema, "Mama, mkono wako una baraka, wetu sijui tumemkosea nani." Mimi nikamjibu, "Maua huchagua mtu." Nilisema hivyo, shangazi, na nikatabasamu. Alipoondoka nikautupa ule mchicha chooni, ila najua nyumbani kwake wanaula, na mkwe wake ana mimba ya miezi sita.

Mume wangu anasema ninyamaze, mvua zitausafisha. Nikisema, watadai niliwapa sumu makusudi ili nibaki peke yangu mwenye maua, na jina nililolijenga miaka ishirini litaisha wiki moja. Nifanyeje?

Mwenye Mawaridi, Katoro

SHANGAZI MARIANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza hadi mwisho, sasa ni zamu yako.

Kuhusu mchanga sikulaumu sana. Huko kwenu marudio yapo kila kona, watu wanajazia misingi ya nyumba, na wewe ulitaka udongo upumue. Ulikosea kama anavyokosea mtu anayependa kazi yake. Na hayo mawaridi ya uzioni jivunie, umeyatolea jasho, baba yako angeyaona angefurahi.

Lakini lile la "maua huchagua mtu" limenichefua. Mwenzako amekuletea shukrani mkononi, ukampa lawama arudi nayo nyumbani. Halafu mboga ukaitupa chooni. Kwa hiyo unajua vizuri kabisa haifai kuliwa, na unamwacha mjamzito aendelee kuila kwa sababu unaogopa kusemwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kinaweza kuwa cha nyumba nyingine.

Mumeo mwambie hivi: zebaki haiondoki kwa mvua, mvua inaipeleka kisimani. Yeye ndiye aliyebeba mizigo ile, basi avae viatu mfuatane.

Anza kwa Mwanaima. Mwambie mchanga ulikuwa na zebaki, ulijua, ukanyamaza, na mkono wake haukuwa na kosa lolote. Usianze na "samahani kama." Mchicha ung'olewe wote, ng'ombe wala kuku wasipewe, wala usichomwe moto, moshi wake nao ni hatari. Mkwe aende kliniki amwambie daktari wazi amekula mboga iliyoota kwenye marudio, asione haya, apimwe. Wewe utamsindikiza na nauli ni yako. Kisha nenda kwa wale wengine wawili. Mchanga utiwe kwenye magunia, mbali na maji na watoto, mkamwone afisa mazingira wa kata awaonyeshe pa kuupeleka. Hata wa kwako ule wa tuta lililokufa.

Wakikununia, vumilia. Atakayetangaza kwamba uliwatilia sumu atatangaza, na hutaweza kumzuia. Masika yakianza kata vipandikizi kutoka yale ya zamani uwapandie kwa mkono wako, kwenye udongo safi na samadi iliyopoa. Jina lililojengwa kwa miaka ishirini ya kazi halali lina nguvu ya kubeba ukweli mmoja. Lisipoweza, halikuwa jina.

Gazeti hili linatoka asubuhi, na mboga ya jioni huko kwenu huchumwa saa kumi. Muda unao.