Uliiambia Kamati Kwamba Sote ni Wazima

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Yadi ya Mabasi.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe na wifi yangu hamjambo? Watoto je, yule wa mwisho meno yameshamtoka? Mimi sijambo, ila nina hasira, na habari za Mama nitakupa hapa chini.

Jumatano tuliweka redio juu ya meza ya kukatia nguo, tukakusikiliza ukizungumza kwa niaba ya Chama cha Watengenezaji Injini mbele ya kamati inayotunga kanuni mpya za moshi wa magari. Mama alivaa gauni lake la kutokea, utadhani ungemwona. Nilisimamisha cherehani ili asipitwe na neno.

Ukaomba kanuni zisogezwe mbele miaka mitano, eti injini safi bado ni ndoto. Ndoto ya nani? Ulipokuja likizo ulikaa kwenye kochi letu ukijisifu kwamba viwanda vya chama chenu vinatengeneza injini ambayo ukishika leso nyeupe mdomoni mwa bomba lake, leso inabaki nyeupe. Ulisema zinapelekwa kule ambako sheria inazidai. Sasa sheria inataka kuja huku, na nyinyi ndio mnaoiwekea vigingi. Mnawapaka wajumbe mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe ndiye uliyeshikishwa chupa.

Na usiniletee habari za nauli. Najua itapanda, na mimi ndiye nitakayeilipa. Lakini nashona sare nyeupe za wauguzi katika chumba ambacho dirisha halifunguliwi mpaka mabasi yatoke, na bado kila asubuhi nakung'uta masizi.

Halafu ukasema lile neno. Kwamba wewe mwenyewe umelelewa nyuma ya yadi ya mabasi, na familia yako yote iko buheri wa afya. Ukacheka, na wajumbe nao wakacheka. Nilitamani nikuvute sikio humo humo redioni. Mama alikuwa amekaa na mpira wa oksijeni puani, ule ule uliouona kwa macho yako. Umevaa miwani ya mbao, mdogo wangu. Chama chenu kina mawakili na wataalamu. Kilipungukiwa nini mpaka kikatumia na kifua cha mama yetu?

Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani mimi si familia yake?" Sikutaka kukutafutia jibu.

Baba mdogo anakusalimu, ingawa kanuna kuliko mimi. Mshona viatu wa jirani naye anakusalimu. Nibusie watoto. Mungu akulinde, akupe moyo wa kusema kweli hata ukiwa kazini.

Jambo la mwisho, usije ukashtuka mbele za watu. Alhamisi hii, utakaporudi mbele ya kamati, wananchi nao watasikilizwa, na Mama ameomba nafasi. Amepewa, mara tu baada yako. Nitamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye kipaza sauti. Ameniagiza nikwambie uje na koti, maana amesikia ukumbi ule una baridi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Dada Mkubwa