Simu Haina Damu ya Mama

Jumatano. Joto la Kariakoo limenichemsha tangu asubuhi, na hasira juu yake. Leo siandiki kwa upole.

Mama alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita. Anasikia kila kitu, ila maneno hayatoki. Hakunizaa, na hajawahi kunificha hilo. Alinichukua nikiwa na wiki tatu. Duka lake la vitenge sasa naliendesha mimi. Wateja wa mikoani walizoea kuandikiana naye, kwa hiyo nilichukua jumbe zake za miaka yote nikazipa programu ya akili mnemba kwenye simu, iwajibu kwa namna yake.

Ikawajibu kwa namna yake kweli. Juzi mteja wa Songea alitaka kitenge cha zambarau, ikamwandikia: "Rangi hiyo itakuzeesha, mwanangu. Chukua kijani."

Nilicheka, kisha nikalia nyuma ya majora ya vitenge.

Leo mchana mjomba, kaka yake mama, alikuja nyumbani Magomeni. Mbele ya mama kitandani akasema duka lishikwe na mtu wa damu, kwamba tabia ya biashara ni ya kuzaliwa nayo, na mimi ni mtoto wa kulea. Sikubishana. Nilimpa simu asome majibu ya ile programu.

Alisoma muda mrefu, akatabasamu bila kutaka. "Huyu ni dada mtupu," akasema. "Ukaidi wake huuhuu."

"Na simu hiyo ina damu yake, mjomba?"

Akanirudishia simu.

Nakiri, swali lilinigeukia mwenyewe baadaye. Kama mashine imeokota ukaidi wa mama kwenye maneno yake, mimi nina tofauti gani nayo? Au yule aliyenizaa, nisiyemjua, naye alikuwa mkaidi?

Sijui. Wala siendi kupima damu ili nijue.

Mashine ilisoma jumbe tu. Mimi nilifinywa, nikabembelezwa, nikafundishwa kukunja kitenge kabla sijajua kusoma. Hayo hayamo kwenye simu, na kwenye damu hayamo pia.

Mjomba alipoondoka nilimuuliza mama kama nimkabidhi kaka yake funguo za duka. Alinikamata kwa mkono wake uliobaki na nguvu, akatikisa kichwa kukataa. Nusu ya mdomo wake ikacheka.

Kesho nafungua saa mbili asubuhi. Mwenye shida na damu yangu atanikuta kaunta.