Suruali ya Mdai Mkopo

Shoga, kinyaa nilichonacho hapa hata chai haishuki.

Si unamjua dada yangu, fundi cherehani mwenye digrii? Leo kaja mteja na kitambaa cha suruali. Kapimwa kiuno, kapiga soga na sisi, kisha akamuuliza dada jina lake kamili.

Kumbe katumwa na bodi ya mikopo kumdai dada mkopo wake wa chuo.

Dada akamwambia atalipa kidogo kidogo. Jamaa akaitazama cherehani: "Si uuze hii?"

Auze hii. Inayotulisha nyumba nzima.

Ngoja sasa. Anaondoka, anageuka: "Suruali yangu lini? Na unipunguzie bei."

Apunguziwe bei, shoga.

Dada akakikunja kitambaa taratibu, akamrudishia. "Kaka, cherehani si umesema niuze? Basi hesabu kuwa nimeshaiuza."