Fundo la Kitambaa cha Baba

Lärchau, Ziwani
11 Februari 1987

Mpendwa Kaka Lorenz,

Salamu zangu zikufikie huko Hamburg, wewe na wifi Hedwig. Natumaini kifua chake kimetulia tangu Krismasi, na kwamba yale majani ya mlimani niliyompa anayachemsha, hayajasahaulika kabatini. Na wewe je, lile goti lako? Mama anauliza kila siku kama unavaa soksi za sufu. Mwandikie umjibu mwenyewe, mimi nimechoka kumwambia unavaa.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu wasiolala wanavyoweza kuwa hawajambo. Florian ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwangu kila anaponyonya. Zita amepoteza mawili ya juu, kwa hiyo nyumba haijapungukiwa. Jakob yuko kiwandani kwenye mbao kama kawaida, anarudi na vumbi la misonobari hadi kwenye nyusi.

Barua hii naiandika kwa vipande vipande, mtoto akilala naandika, akiamka naacha. Ukiona mwandiko umebadilika usidhani nimepata mwandishi.

Baridi imerudi. Tangu juzi ziwa linaimba tena, ile sauti ndefu inayotoka chini kama mtu anavuta meza kwenye sakafu ya mbao. Unajua baba alivyokuwa akisema, barafu inayoimba inakua, ogopa iliyonyamaza. Asubuhi nilitoboa katikati ya ziwa nikapata unene wa viganja vitatu na nusu. Watu wanateleza, lakini wanateleza karibu na kanisa tu. Upande wetu hawaji. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kaka, nakwenda polepole ili usiseme nimeandika kwa hasira.

Ulipokuja Januari na wale rafiki zako wawili, nilifurahi. Niliwapikia supu ya shayiri, nikawatolea ule mguu wa nguruwe wa moshi niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya Pasaka. Yule mrefu alisema hajawahi kuona barafu nyeusi namna ile, unaona mawe chini kama uko angani. Ulijivuna ungedhani ziwa umelichimba wewe. Nami nilijivuna nawe, sitasema uongo.

Jumapili mlitaka kushindana mbio ndefu iliyonyooka kutoka kwetu hadi kwenye ukuta wa mwamba. Njia iliyonyooka inapita penye Jicho, pale chemchemi inapochemka chini ya barafu, na kwenye Jicho yalikuwepo matawi yangu mawili ya onyo yaliyopishana, yamefungwa kitambaa chekundu cha mirabaraba cha shati la baba. Nilikuwa ndani na Florian, ana homa. Niliwasikia mkicheka, nikasema moyoni, wacha wacheze, Lorenz ni mtoto wa mlinzi wa barafu, hahitaji kuambiwa.

Jioni mkaondoka. Uliniacha na busu la shavuni na boksi la chokoleti.

Jumatatu sikwenda kukagua. Hilo ni langu na nimelisema mbele ya kila aliyeniuliza. Homa ilikuwa imepanda, nilikaa na mtoto kifuani mchana kutwa. Jumanne alfajiri upepo wa kusini ukashuka, ule wa joto, matone yakaanza kudondoka paani. Na Mwalimu Roswitha akavaa viatu vyake vya chuma vya kutelezea kama anavyofanya kila asubuhi kwa miaka hamsini, akavuka kwenda kunywa kahawa kwa dada yake ng'ambo. Alipita hatua kumi nje ya matawi, kama anavyopita siku zote. Ila matawi hayakuwa mahali pake. Yalikuwa yamesogezwa hatua arobaini kuelekea ufukweni.

Barafu ilimmeza hadi kwapani. Wakata magogo wawili walimsikia, wakaja wakitambaa na ngazi. Siku kumi na moja alilala hospitali ya bondeni. Sasa yuko nyumbani, anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa kitini. Nilipokwenda kumwona hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Burgi mwanangu, mimi barafu sikuiamini hata siku moja. Niliamini kitambaa."

Hujui neno hilo limenikaa wapi.

Kwa sababu ni kweli, Kaka. Hapa mtu mzima ataona barafu imebadilika rangi chini ya mguu wake, na kama kitambaa kinasema pita, atapita. Kosa letu la siku zote. Na ni nani angethubutu kusogeza kitambaa cha nyumba nyingine? Hata mlevi hakigusi. Kwa hiyo kilipoonekana kimesogea, kijiji kizima kilijua kimesogezwa na mkono wa nyumba yetu, na mkono wa nyumba yetu msimu huu ni wangu.

Nilikupigia simu Jumatano kutoka posta, Florian mgongoni. Nilikuuliza mara moja tu. Nakumbuka ulivyonijibu, kwa upole, kama unamfunika mtu blanketi: "Burgi, mdogo wangu, watoto wamekumaliza. Umeyasogeza mwenyewe ukasahau. Nenda ukalale."

Nami nikaenda nikalala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuamini. Kwa siku tisa nilikuamini wewe nikaacha kuiamini mikono yangu. Nilikuwa nikiamka najiuliza kama nimezima jiko, narudi kulitazama mara tatu. Niliogopa kumwogesha Florian peke yangu, nikamwita Zita asimame mlangoni aniangalie mimi mama yake. Mtoto wa miaka sita.

Mzee Valentin naye alikupigia, kama mwenyekiti wa wazee wa barafu, akakuuliza. Nimejua baadaye ulichomwambia. Ulisema, "Dada yangu halali siku hizi, msimlaumu sana." Maneno mazuri. Yalifika kwenye banda la maziwa kabla yangu. Nilipoingia na ndoo, mke wa mchinjaji akaniuliza, "Burgi, leo umelala? Tuambie kabla hatujavaa viatu." Wakacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Shuleni watoto wakamwimbia Zita kwamba mama yake anapanda matawi usingizini. Alirudi na viatu vyake vya kutelezea vimening'inia shingoni, akavitundika msumarini, akasema hataki tena.  Asubuhi nilitafuta keekee ya kutobolea barafu nisiione, nikaikuta Jakob amenifichia darini, chini ya magunia.

Siku ya tisa, wale wakata magogo wakaniletea matawi. Walikuwa wameyang'oa siku ya ajali ili kupitisha ngazi, wakayatupa kwenye gari lao, wakayasahau. "Chukua kitambaa chako, mama," mmoja akaniambia, hakunitazama usoni.

Nilikaa jikoni nacho. Kilikuwa kimeganda, nikakiweka karibu na jiko kiyeyuke ili nikifungue, nikifue, nikirudishe kwa Mzee Valentin, yaishe. Kikayeyuka. Nikaliona fundo.

Kaka, mimi ni wa mkono wa kushoto. Umenicheka kwa hilo utoto wangu wote. Baba alinifundisha fundo lake siku tatu, mwisho akasema, basi, la Burgi litatazama mlimani na la Lorenz litatazama kanisani, na Mungu anayajua yote mawili. Hili lilikuwa linatazama kanisani. Limekazwa vizuri, kwa ile mizunguko miwili unayopenda kuongeza. Hukuwa na haraka ulipolifunga.

Sikulia. Nilicheka, hadi Florian naye akacheka.

Nimekufikiria sana. Nafikiri najua ilivyokuwa. Baridi ilikuwa kali wiki ile, ulitoboa pale ukakuta kiganja kizima, ukasema, Burgi anaogopa mno, ameacha nafasi kubwa mno. Ukataka njia iliyonyooka mbele ya rafiki zako. Pengine ulikusudia kuyarudisha, mkahofia kukosa treni. Hayo yote ningekusamehe siku ile ile kwenye simu. Ungesema tu, "Burgi, nimekosa." Ningeshuka mwenyewe kwa Mwalimu nikapiga magoti kwa ajili yetu wawili. Lakini ulikuta usingizi wangu uko pale karibu, ukauokota ukajikinga nao.

Nilimwonyesha mama lile fundo. Alilishika muda mrefu, akaligeuza. Kisha akaniambia, "Liweke jikoni, Burgi, unyamaze. Kaka yako ana kazi huko na ana jina. Wewe una mume."

Nikamwambia, "Mama, na mimi nina jina."

Hatujasemezana vizuri tangu siku hiyo. Anamenya viazi upande wake wa meza, mimi upande wangu. Usimlaumu, na mimi simlaumu sana. Anakuona mara mbili kwa mwaka na mimi ananiona kila siku, na mtu wa kila siku ndiye anayeambiwa avumilie.

Jakob nilimwekea fundo kando ya sahani yake. Alilitazama, akamaliza supu, akapanda darini. Asubuhi keekee ilikuwa mlangoni, imepakwa mafuta.

Sasa nikwambie lililo mbele yetu. Jumapili ya tarehe 22, baada ya ibada, wazee watakutana chumba cha nyuma cha hoteli kuamua kama kitambaa cha nyumba yetu kiondolewe kwenye ziwa. Babu alikifunga, baba alikifunga. Wakikiondoa hakirudi, unawajua. Kazi wataipa nyumba ya mchinjaji, ambao hawajui kutofautisha barafu na sahani. Na Zita atakua akijua kwamba mama yake ndiye aliyemzamisha Mwalimu Roswitha.

Ningeweza kwenda na fundo leo. Mzee Valentin alifunga matawi na baba miaka ishirini, atalisoma kabla sijafungua mdomo. Sijakwenda kwa sababu wewe ni kaka yangu. Ni wewe uliyenifundisha kuteleza kinyumenyume, ukinivuta kwa mkia wa skafu, ukiniambia nisitazame chini. Nakupa hadi Jumapili hiyo ulete mdomo wako mwenyewe. Treni ya Jumamosi inafika saa kumi jioni. Kitanda chako nimekitandika, na mguu wa nguruwe umebaki kidogo.

Usiponiona nikikungoja kituoni usidhani nimekasirika, ni saa ya kumnyonyesha Florian. Lakini usipokuja kabisa, Jumapili nitaingia chumba kile na fundo kwenye mfuko wa aproni, niliweke mezani, nisiseme neno. Sitakuficha, Kaka. Nimekwisha kujificha siku tisa kwa ajili yako, zinatosha.

Kwa sasa kwenye Jicho nimepanda matawi mapya, palepale baba alipokuwa akiyapanda. Sikuweka shati la baba. Nimekata ukingo wa blanketi la njano la Florian, nikafunga kwa mkono wa kushoto. Jana asubuhi nilimwona mtu mmoja tu amesimama kulitazama kwa mbali, halafu akalizunguka. Alikuwa Zita, na viatu vyake miguuni.

Msalimie sana wifi Hedwig, mwambie hana kosa na simweki ndani ya jambo hili. Mama anakusalimu, Jakob anakusalimu kwa namna yake. Mwalimu Roswitha aliuliza habari zako, akasema ulikuwa hodari wa hesabu. Sikumwambia kitu.

Mungu akulinde njiani na akulainishie ulimi. Soksi za sufu uvae.

Fundo sijalifungua. Liko rafuni, karibu na chumvi. Unaikumbuka kanuni ya baba: aliyefunga ndiye afunguaye. Njoo ulifungue.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata sasa,
Burgi